WAJIBU WA KISHERIA WA WATOA HUDUMA ZA INTANETI KATIKA KUZUIA MAUDHUI
Ufafanuzi kwa Watumishi wa Serikali na Wananchi wa Unguja na Pemba

Mwananchi anayekuta picha yake ya faragha imesambazwa mtandaoni bila ya ridhaa yake hutaka kwanza picha hiyo iondoshwe mara moja. Huenda akaenda kwa Sheha wa Shehia yake, au kwenye duka la kampuni ya simu alikonunua kadi yake, na kudai kwamba kampuni iufunge ukurasa unaohusika. Vilevile Mkuu wa taasisi anayeona habari ya uongo imeandikwa juu ya ofisi yake anaweza kushawishika kunyanyua simu na kumtaka meneja wa kampuni ya intaneti aizuie tovuti nzima kabla ya jioni. Wote wawili wana jambo la haki la kulalamikia. Hata hivyo, njia waliyoishika siyo iliyowekwa na sheria, na mara nyingi haitawafikisha wanakokwenda.

Maelezo yafuatayo yamekusudiwa kuonyesha ni wakati gani mtoa huduma za intaneti anabeba dhamana ya kisheria kwa maudhui yanayopita au yanayokaa katika mitambo yake, nani mwenye mamlaka ya kumwamuru azuie, na hatua zipi mwananchi anapaswa kuzifuata ili haki yake ipatikane bila ya kuvunja haki za wengine.

MTOA HUDUMA NI NANI

Watu wengi hulitumia neno "kampuni ya intaneti" kwa maana moja tu, ilhali sheria inatambua watoa huduma wa aina mbalimbali, na kila mmoja ana wajibu wake.

Wa kwanza ni mtoa huduma ya kuunganisha. Huyu ndiye anayemuuzia mteja njia ya kuingia mtandaoni, kama vile kampuni ya simu za mkononi. Kazi yake ni kupitisha tu. Ujumbe huingia upande mmoja na kutokea upande wa pili, naye hahusiki na kilichoandikwa ndani yake.

Wa pili ni mtoa huduma ya kuhifadhi, ambaye hukodisha nafasi katika seva zake ili wateja waweke tovuti, picha, video na maandishi yao. Huyu, tofauti na wa kwanza, maudhui yako mikononi mwake na anaweza kuyafuta.

Wa tatu ni yule anayehifadhi nakala kwa muda mfupi ili kurahisisha mawasiliano; wa nne ni anayeweka viungo vya kumpeleka msomaji kwenye kurasa za watu wengine; na wa tano ni mwenye mtambo wa kutafuta habari mtandaoni.

Tofauti hizi si za maneno matupu. Kumtaka mtoa huduma ya kuunganisha afute video iliyohifadhiwa katika seva iliyoko Marekani ni sawa na kumtaka tarishi afute maneno katika daftari lililofungiwa kabatini kwa mtu mwingine. Tarishi anaweza kukataa kubeba barua, lakini daftari hana ufunguo wake. Kwa sababu hiyo, inafaa kutofautisha baina ya kuondosha na kuzuia. Anayeondosha ni yule aliyeyahifadhi maudhui. Anayezuia ni yule anayepitisha mawasiliano, na akishazuia, maudhui yenyewe hubaki pale pale yalipo na wengine walio nje ya mtandao wake huendelea kuyaona.

MSINGI WA SHERIA: MJUMBE HAUAWI

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Msingi huo huo ndio uliokuja kukubalika katika sheria za nchi nyingi kuhusu intaneti, ingawa haukukubalika kwa siku moja.

Mwezi wa Disemba 1995, kufuatia uchunguzi wa wakuu wa mashtaka wa Bavaria nchini Ujerumani, kampuni ya CompuServe ilifunga makundi ya majadiliano yapatayo 200. Kwa kuwa wakati ule kampuni haikuwa na uwezo wa kiufundi wa kuwazuia Wajerumani peke yao, wateja wake wa nchi zote duniani walijikuta wamefungiwa. Hata hivyo mambo hayakuishia hapo. Mwezi wa Mei 1998, mahkama ya mjini Munich ilimtia hatiani Felix Somm, aliyekuwa mkuu wa kampuni hiyo nchini Ujerumani, kwa kosa la kuruhusu picha chafu zipatikane kupitia mtandao wa kampuni, na kumpa adhabu ya kifungo cha miaka 2 kilichoahirishwa. Hukumu hiyo ilitenguliwa mwezi wa Novemba 1999. Ilidhihirika kwamba hakuwa na njia ya maana ya kuyazuia maudhui yaliyohifadhiwa na kampuni mama iliyoko nje ya nchi.

Mwaka uliofuata, Umoja wa Ulaya ulipitisha Mwongozo wa Biashara ya Elektroniki wa mwaka 2000. Mwongozo huo uliweka kanuni mbili ambazo zimeigwa na nchi nyingi. Kanuni ya kwanza ni kwamba anayepitisha tu mawasiliano hawajibiki kwa yaliyomo, iwapo hakuyaanzisha, hakumchagua wa kuyapokea wala hakuyabadilisha. Kanuni ya pili ni kwamba Serikali haitamlazimisha mtoa huduma kuchungulia kila kitu kinachopita ili kutafuta makosa. Mwezi wa Novemba 2011, Mahkama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliitilia nguvu kanuni hiyo ya pili katika shauri baina ya kampuni ya Scarlet na jumuiya ya hakimiliki ya Ubelgiji, SABAM. Mahkama ilikataa kampuni ya intaneti ilazimishwe, kwa gharama yake yenyewe na bila ya kikomo cha muda, kuchuja mawasiliano yote ya wateja wake wote.

Haikuwa na maana kwamba mtoa huduma hawezi kuamriwa chochote. Mwezi wa Machi 2014, Mahkama hiyo hiyo ilikubali kwamba kampuni ya kuunganisha inaweza kuamriwa na mahkama kuizuia tovuti mahususi inayosambaza filamu kinyume cha sheria, kwa sharti kwamba wateja wasinyimwe bila ya sababu habari wanazozipata kihalali. Kwa ufupi, kuchungulia kila kitu hakulazimishwi, ama kutii amri halali kuhusu jambo mahususi ni wajibu.

SHERIA INAYOTUMIKA HAPA

Posta na simu ni miongoni mwa mambo ya Muungano yaliyotajwa katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Kwa hiyo usimamizi wa kampuni za mawasiliano, zikiwemo zinazotoa huduma Unguja na Pemba, uko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kwa upande mwengine, utangazaji wa redio na televisheni hapa Zanzibar unasimamiwa na Tume ya Utangazaji Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Mwananchi anayelalamikia kipindi cha redio na yule anayelalamikia ukurasa wa mtandaoni hawapaswi kugonga mlango mmoja.

Sheria ya msingi katika suala hili ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2015, ambayo inahusu Tanzania Bara na Zanzibar pia. Sehemu inayohusu dhamana ya watoa huduma inaanzia kifungu cha 39, kwa hesabu ya vifungu ilivyokuwa Sheria ilipopitishwa. Mambo makuu yaliyomo ni haya:

(a) Mtoa huduma halazimiki kuyafuatilia mawasiliano anayoyapitisha au kuyahifadhi, wala kwenda kutafuta mwenyewe dalili za vitendo vilivyo kinyume cha sheria.

(b) Pamoja na hayo, mtoa huduma akishajua kwamba kuna taarifa au kitendo kilicho kinyume cha sheria, anatakiwa aiondoshe taarifa hiyo katika mfumo ulio chini ya mamlaka yake, asitishe huduma inayohusiana nayo, na aviarifu vyombo vya kusimamia sheria.

(c) Mtoa huduma ya kuunganisha hawajibiki kwa kupitisha taarifa, maadamu hakuianzisha, hakumchagua mpokeaji, na hakuichagua wala kuibadilisha taarifa yenyewe.

(d) Mtoa huduma ya kuhifadhi hawajibiki kwa kilichowekwa na mteja wake, kwa sharti kwamba akipokea amri ya mahkama au ya mamlaka inayohusika aiondoshe taarifa hiyo au aufunge mlango wa kuifikia bila ya kuchelewa.

(e) Mtu yeyote anayeona haki yake imevunjwa anaweza kumpelekea mtoa huduma taarifa ya kutaka maudhui yaondoshwe.

Msomaji ataona kwamba kinga anayopewa mtoa huduma si ya bure, bali inategemea mwenendo wake. Mjumbe hauawi, lakini mjumbe aliyeifungua barua, akaibadilisha maneno na kisha akaisambaza, huyo si mjumbe tena. Halikadhalika, mwenye ghala aliyearifiwa rasmi kwamba ndani ya ghala lake kuna mali ya wizi, akanyamaza na kuendelea kupokea kodi, hawezi baadaye kudai kwamba hakujua.

Mbali na Sheria hiyo, zipo Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilizotungwa kwanza mwaka 2018 chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, zikafutwa na Kanuni mpya za mwaka 2020, ambazo nazo zilirekebishwa mwaka 2022. Kanuni hizo zinahusu khasa wenye leseni za kutoa maudhui mtandaoni. Wajibu wa mtu anayeandika na kuchapisha ni mzito kuliko wajibu wa anayepitisha tu, na muda anaopewa kuyashughulikia maudhui yaliyokatazwa ni mfupi mno. Wenye leseni wanapaswa kuzisoma Kanuni zenyewe na siyo kutegemea muhtasari.

JINSI MAUDHUI YANAVYOZUIWA, NA MADHARA YAKE

Amri ya kuzuia ni rahisi kuiandika katika karatasi, lakini utekelezaji wake una taabu. Mtumishi anayeandaa maombi ya kuzuia maudhui hana budi kuzijua njia zinazotumika, kwa sababu kila njia ina kasoro zake.

Njia ya kwanza ni kuzuia jina la tovuti. Mteja anapoandika jina, mtambo wa mtoa huduma hukataa kulitafsiri kuwa anwani ya tarakimu ambayo kompyuta huitumia. Njia hii ni nyepesi na haina gharama kubwa, lakini anayejua kubadilisha mtambo wa kutafsiri majina huipita kwa dakika chache.

Njia ya pili ni kuzuia anwani yenyewe ya tarakimu. Hii ni nzito zaidi, ila ina hatari kubwa kwa kuwa tovuti nyingi zisizohusiana hata kidogo huweza kuwa katika anwani moja. Ikizuiwa anwani kwa sababu ya tovuti moja, tovuti ya skuli, ya hospitali na ya mfanyabiashara zilizomo humo huzuiwa pamoja nayo.

Njia ya tatu ni kuzuia ukurasa mmoja tu ndani ya tovuti. Hii ndiyo iliyo bora kwa nadharia, lakini siku hizi tovuti nyingi hutumia mawasiliano yaliyofungwa kwa siri, ambapo mtoa huduma huweza kujua kwa kawaida jina la tovuti anayokwenda mteja, lakini hawezi kuuona ukurasa anaousoma. Hivyo mtoa huduma aliyeamriwa kuzuia video moja katika tovuti kubwa huenda akawa na hiari mbili tu: ama aizuie tovuti nzima, ama asizuie chochote. Ama ujumbe unaotumwa baina ya mtu na mtu kwa programu kama WhatsApp, mtoa huduma hawezi kuusoma hata kidogo.

Mifano ya madhara ya kuzuia kupita kiasi ni mingi. Tarehe 24 Februari 2008, kampuni ya simu ya Pakistan, ikitekeleza agizo la kuizuia tovuti ya YouTube ndani ya nchi hiyo, ilitangaza njia ya uongo ambayo ilivuka mipaka na kupokelewa na mitambo ya nchi nyingine. Matokeo yake, YouTube haikupatikana katika sehemu kubwa ya dunia kwa muda wa saa 2 hivi. Mwezi wa Disemba mwaka huo huo, kampuni za intaneti za Uingereza ziliuzuia ukurasa mmoja wa kamusi elezo ya Wikipedia uliokuwa na picha ya jalada la santuri ya mwaka 1976. Kutokana na namna kizuizi kilivyowekwa, Waingereza wengi wakashindwa kuihariri kamusi hiyo, na baada ya siku chache kizuizi kikaondoshwa.

Nchini Uturuki, mwaka 2009, mahkama iliamuru ukurasa mmoja uzuiwe. Kwa kuwa mamlaka ya mawasiliano ilieleza kwamba haikuwa na njia nyingine ya kiufundi, ikazuiwa huduma yote ya Google ya kuhifadhi tovuti. Ahmet Yıldırım, aliyekuwa akiandika mambo ya taaluma yake katika huduma hiyo na asiye na uhusiano wowote na kesi, alijikuta hawezi kuifikia tovuti yake mwenyewe. Mwezi wa Disemba 2012, Mahkama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba haki yake ya kutoa na kupokea maoni ilivunjwa. Kuzuia huduma nzima kwa sababu ya ukurasa mmoja ni sawa na kuifunga bandari ya Malindi kwa sababu ya gunia moja la magendo. Gunia litakuwa limezuiwa kweli, lakini na abiria wa Pemba watakuwa wamelala gatini.

NANI MWENYE MAMLAKA YA KUAMURU

Hapa ndipo watumishi wa Serikali wanapotakiwa kuwa waangalifu zaidi. Cheo peke yake hakimpi mtu mamlaka ya kuamuru maudhui yazuiwe. Mamlaka hutoka katika sheria, na sheria imeyaweka kwa mahkama na kwa vyombo ilivyovitaja. Mkurugenzi, Katibu Tawala wa Wilaya, Sheha au Mwalimu Mkuu anaweza kulalamika kama alivyo na haki mwananchi mwengine yeyote, lakini lalamiko lake si amri.

Yaliyotokea Zimbabwe yanatoa fundisho. Mwezi wa Januari 2019, wakati wa maandamano ya kupinga kupanda kwa bei ya mafuta, Waziri wa Nchi anayeshughulikia Usalama wa Taifa aliziagiza kampuni za simu kuzima intaneti, nazo zikazima. Tarehe 21 Januari, Mahkama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba Waziri huyo hakuwa na mamlaka ya kutoa agizo hilo chini ya sheria aliyoitegemea, na intaneti ikarejeshwa. Mahkama haikuingia katika uzuri au ubaya wa sababu za Serikali. Ilitosha kwamba aliyetia saini siye aliyepewa kalamu na sheria. Mwezi wa Juni 2020, Mahkama ya Jumuiya ya Uchumi ya Afrika Magharibi nayo iliamua kwamba Togo ilivunja uhuru wa maoni ilipozima intaneti mwezi wa Septemba 2017, kwa kuwa hapakuwa na sheria iliyoruhusu hatua hiyo.

Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inalinda, kwa pamoja, heshima na maisha ya faragha ya mtu na uhuru wake wa kutoa na kupokea maoni. Haki hizi mbili hukutana uso kwa uso kila inapoombwa amri ya kuzuia. Mwenye kuombea amri hutetea heshima yake, na wasomaji wanaofungiwa hupoteza kitu pia, hata kama hawapo mbele ya hakimu. Ndiyo maana uamuzi umewekwa mikononi mwa chombo kinachosikiliza pande zote, na haukuachiwa simu ya mtu mmoja wala hofu ya meneja wa kampuni.

Hofu hiyo ya meneja si jambo dogo. Mtoa huduma anayeogopa kushitakiwa kwa kutozuia, na asiyeogopa chochote kwa kuzuia, atazuia kila anachoambiwa. Kwa kulitambua hilo, sheria ya Afrika Kusini ya mwaka 2002 kuhusu mawasiliano na biashara ya elektroniki imeweka katika kifungu chake cha 77 kwamba anayepeleka taarifa ya kutaka maudhui yaondoshwe, huku akijua kwamba ameeleza mambo ya uongo, atawajibika kulipa fidia kwa hasara iliyotokea. Kinga ya mtoa huduma na dhamana ya mlalamikaji ni mizani miwili ya kipimo kimoja.

Suala la gharama nalo limefikishwa mahkamani. Nchini Uingereza, kampuni za vito na saa, ikiwemo Cartier, zilipata amri ya kuzizuia tovuti zilizouza bidhaa za bandia. Mwezi wa Juni 2018, Mahkama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba gharama za kuitekeleza amri ya aina hiyo zibebwe na mwenye alama ya biashara aliyeiomba, kwa sababu kampuni ya intaneti haikuwa na kosa lolote na mlinzi wa alama ndiye anayefaidika.

HATUA ZA KUFUATWA NA MWANANCHI

Mwananchi aliyedhuriwa na maudhui ya mtandaoni anashauriwa kufuata utaratibu ufuatao:

1. Kuhifadhi ushahidi kabla ya kuomba maudhui yaondoshwe. Anwani kamili ya ukurasa, tarehe, saa na picha ya skrini ni lazima zinakiliwe. Wengi hukimbilia kutaka kitu kifutwe, na kikishafutwa hukosa cha kuonyesha Polisi au mahkamani. Hata hivyo, picha chafu za watoto zisinakiliwe wala zisitumwe kwa mtu yeyote, hata kwa nia njema. Aliyeziona aende Polisi moja kwa moja na kueleza mahali zilipo.

2. Kutoa taarifa kwa wenye tovuti au huduma yenyewe. Mitandao mikubwa ya kijamii ina sehemu maalumu za kupokea malalamiko. Kwa kuwa maudhui yamo katika seva zao, wao ndio wenye uwezo wa kuyaondosha kabisa, na mara nyingi hii ndiyo njia ya haraka kuliko zote.

3. Kumwandikia mtoa huduma, iwapo maudhui yamehifadhiwa naye. Inafaa barua hiyo iwe na jina kamili na anwani ya mlalamikaji, sahihi yake, anwani ya ukurasa unaolalamikiwa, maelezo ya haki iliyovunjwa na hatua inayoombwa. Barua inayosema "nimetukanwa mtandaoni, tafadhali fungeni" haimwezeshi mtu kufanya lolote.

4. Kuripoti Polisi, pale maudhui yanapokuwa ni kosa la jinai, kama vile vitisho, kujifanya mtu mwengine au kusambaza picha chafu. Polisi wanaweza kumtaka mtoa huduma azihifadhi taarifa zitakazosaidia uchunguzi.

5. Kupeleka lalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iwapo linamhusu mwenye leseni ya Mamlaka hiyo. Lalamiko linalohusu matumizi mabaya ya taarifa binafsi lipelekwe kwenye Tume iliyoundwa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

6. Kwenda mahkamani kuomba amri, endapo njia nyingine hazikufaa. Ombi liwe mahususi. Ukurasa utajwe kwa anwani yake na muda wa kizuizi uelezwe.

Wasanii, waandishi na watungaji ambao kazi zao zinasambazwa bila ya idhini wakumbuke kwamba hakimiliki si jambo la Muungano. Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki ya mwaka 2003, na ofisi inayohusika ni COSOZA. Msanii wa taarab aliyeikuta kaseti yake ya zamani imewekwa mtandaoni na mtu asiyemjua aanzie hapo, kwa kuwa uthibitisho wa umiliki ndio utakaoulizwa kwanza na kila atakayeombwa kuiondosha.

Ifahamike pia kwamba kizuizi cha mtoa huduma hakimwondoshei dhamana aliyesambaza. Kila anayeipokea picha ya aibu ya mwenzake na kuipeleka kwa mwengine amefanya kitendo chake mwenyewe na atajibu kwa nafsi yake, wala hawezi kujitetea kwamba kampuni haikumzuia.

WANAYOKUMBUSHWA WATUMISHI

Watumishi wa Serikali wanakumbushwa mambo matatu. Kwanza, maombi yote ya kuzuia au kuondosha maudhui yafanywe kwa maandishi, kupitia kitengo cha sheria cha taasisi husika, na yataje kifungu cha sheria kinachotegemewa. Maagizo ya mdomo hayaachi kumbukumbu, na yasiyo na kumbukumbu hayawezi kutetewa. Pili, kabla ya kuomba kizuizi, taasisi ijiulize iwapo taarifa sahihi iliyotolewa mapema haitoshi kuiondosha habari ya uongo. Aghalabu uvumi hustawi pale ofisi inaponyamaza. Tatu, pale kizuizi kinapokuwa hakina budi, kiwe kidogo kwa kadiri inavyowezekana, kwa ukurasa badala ya tovuti, na kwa muda maalumu badala ya milele.

Masheha na maofisa wa Wilaya, ambao ndio wanaofikiwa mwanzo na wananchi, hawatarajiwi kuwa mafundi wa kompyuta wala mawakili. Wanatarajiwa kumsikiliza mlalamikaji kwa staha, kumsitiri, kumkataza asifute ushahidi, na kumwelekeza mlango unaostahiki. Mama aliyekuja analia kwa ajili ya picha ya binti yake, akaambiwa arudi kesho, hupoteza siku moja ambayo picha hiyo itaitumia kufika mbali. Akielekezwa sawasawa siku ile ile, sheria ina la kumsaidia.